Jahazi la Nchi Kavu

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Naandika makala haya kujibu maneno. Wengi wenu mmeliona lile gari jeupe lenye turubai la kijani ubavuni, lililoegeshwa chini ya mwembe nyumbani kwetu, karibu na barabara ya Msambweni. Mmelipita asubuhi mkija shuleni na jioni mkirudi, na mmesema mengi. Yuko aliyesema ati ni gari la kuuzia viazi karai. Yuko aliyesema ni la kubebea maiti. Mmoja, naye ni rafiki yangu tunayekaa dawati moja, alisema mbele ya darasa zima kuwa mjomba wangu ameshindwa kujenga nyumba, sasa analala garini kama utingo. Darasa likaangua kicheko. Nami nikacheka, lakini kicheko changu kilikuwa cha meno tu.

Tena mtakumbuka mdahalo wetu wa muhula wa pili mwaka wa 2025. Mada ilikuwa kwamba kugeuza gari kuukuu kuwa nyumba ya kulala ni kupoteza pesa. Upande wa kuunga mkono ulishinda kwa kura nyingi hata mwenyekiti hakuona haja ya kuzihesabu mara mbili. Wengi walishangaa mbona mimi, mwenye gari lenyewe nyumbani, sikusimama kupinga. Jibu ni rahisi. Siku ile nami nilikuwa nikikubaliana nanyi.

Maneno ni haya. Mjomba wangu, ndugu yake mama, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika mgodi wa titani hapa Kwale. Mgodi huo ulisimamisha uchimbaji Desemba 2024, baada ya kiasi cha miaka kumi na mmoja, kwani mchanga wenye madini ulikuwa umekwisha. Hilo si siri, na nyumba nyingi za huku zajua jinsi habari hiyo ilivyoingia hadi jikoni. Mjomba akarudi nyumbani na pesa ambazo hakupata kuziona pamoja maishani mwake, na mara kila mtu akawa na ushauri. Ijumaa moja baada ya swala tulitandika mkeka, wazee wakaketi. Mama mkubwa akasema anunue kiwanja Ukunda kabla bei haijapanda tena. Baba akasema bodaboda tatu, awape vijana. Nyanya akasema ng'ombe, maana ng'ombe huzaa na kiwanja hakizai. Mjomba akasikiliza, akashukuru, akanyamaza. Wiki mbili baadaye akaingia uani na Toyota Hiace iliyokuwa matatu, zile ambazo sisi huziita nissan hata kama ni Toyota. Mstari wa njano ulikuwa bado ubavuni, viti vimechanika, na ndani mna harufu ya miaka yote ya abiria wa Likoni. Nyanya akaizunguka polepole kisha akauliza, "Sasa hii ndiyo kiwanja au ndiyo ng'ombe?"

Msidhani nilifurahi. Mjomba ndiye anilipiaye karo tangu baba aache kwenda baharini kwa ajili ya mgongo. Muhula wa kwanza karo ilichelewa, nikakaa nyumbani siku nne. Simlaumu mtu shuleni, taratibu ni taratibu. Lakini siku hizo nne niliketi kizingitini nikilitazama gari lile na kulipiga hesabu. Betri ile ni muhula mzima. Paneli ile ya sola ni vitabu na sare. Godoro lile ni viatu. Mjomba aliponiita jioni nimshikie tochi akifunga nyaya, nilikwenda kwa sababu ni mjomba, ila sikufungua kinywa. Naye alijua. Alisema tu, "Shika juu kidogo, mwanangu," akaendelea na kazi.

Basi hiyo ndiyo sababu ya kimya changu siku ya mdahalo. Leo nasema nilikosea, nanyi mlikosea pia, ingawa si katika kila jambo.

Hoja yenu kubwa ilikuwa kwamba hayo ni mambo ya Wazungu. Ni kweli gari la kulala kama tunavyoliona kwenye picha lilienea sana kutoka Ujerumani. Volkswagen walianza kuunda gari lao lile la umbo la mkate mwaka wa 1950, na muda mfupi baadaye kampuni ya Westfalia ikaanza kulitia vitanda, makabati na jiko. Watu wa Ulaya wakalipenda, wengine wakalileta hata Afrika, na wazee wa Tiwi wamezoea kuwaona Wazungu wakiegesha nyumba zao za magurudumu chini ya minazi. Hayo sikatai.

Lakini hebu niulize. Babu zetu wa Vanga, Shimoni na Gazi walipokwenda Pemba, Lamu, wengine hata Maskati, walilala wapi? Jahazini. Walipika wapi? Katika sanduku lililojazwa mchanga, moto juu yake, ili mbao zisiungue. Maji yalikuwa katika pipa, kila kitu kina kamba yake na mahali pake, na kitanda kilikuwa mkeka unaokunjwa alfajiri. Walikaa humo majuma na majuma wakingoja kaskazi au kusi. Sijapata kusikia mtu akisema nahodha fulani ameshindwa kujenga nyumba. Nyumba inayosafiri si ngeni pwani hata kidogo. Kigeni ni yale magurudumu tu.

Na ninasema hivi si kwa ajili ya kupamba maneno. Nimeyaona kwa macho yangu pale uani, maana sisi wa shule ya kutwa tuna bahati hiyo ya kurudi nyumbani kila jioni na kujua kila kinachoendelea. Mjomba alianza kwa kufuata video za simu. Katika video hizo kuna mtu mwenye ndevu nyingi, nadhani ni wa nchi za baridi, ambaye hujaza sufi katika kuta za gari, akazifunika kwa mbao nyembamba pande zote mpaka juu, ndani ikawa kama sanduku zuri la mbao. Mjomba akaitaka hiyohiyo. Akamwita seremala wa kwanza, ambaye hutengeneza milango na makabati ya nyumba. Seremala yule ni fundi kwelikweli, mlango wake haulii. Lakini akatengeneza kabati la mraba, akaliingiza garini, na kabati likaacha pengo juu linaloweza kupitisha paka, kwa sababu ukuta wa gari haukunyooka. Umepinda kwenda ndani kadiri unavyopanda, na sakafu ina vilima pale penye magurudumu. Akajaribu mara tatu. Mwishowe akakusanya vyombo vyake akasema yeye hutengenezea nyumba, na nyumba zina pembe.

Ndipo baba, aliyekuwa ametulia siku zote akitazama, akasema, "Mwiteni mtu wa mashua."

Akaja mzee mmoja kutoka upande wa Gazi, mjenzi wa madau na ngalawa tangu ujana wake. Sidhani aliwahi kuligusa gari isipokuwa kwa kulipanda. Akaingia ndani, akapapasa zile mbavu za chuma zilizoonekana baada ya viti na vifuniko kung'olewa, akasema, "Haya ni mataruma." Hakutoa futi. Alichukua boksi la katoni, akaliegemeza ukutani, akalikata kidogokidogo kwa kisu mpaka likakaa sawasawa na mpindo, kisha akauhamishia mpindo ule kwenye ubao mwembamba. Kabati lilipoingia liliingia mara moja. Mjomba akacheka peke yake kama mtoto. Baadaye tulipotoboa paa kuweka tundu la hewa na mvua ikavuja, mzee yule akalikalafati. Hakutumia pamba na mafuta ya papa, alitumia mpira wa bomba unaouzwa dukani, lakini mkono ulikuwa uleule, wa kusukuma ndani, kungoja, kusukuma tena. Halijavuja mpaka leo.

Yeye pia ndiye aliyeipinga ile sufi ya mtu mwenye ndevu. Alisema, "Bwana, wataka kuwalaza watu au kuwaoka?" Mwalimu wetu wa fizikia alinisahihisha hapa nilipomsimulia, nami namshukuru. Alisema kizuizi cha joto huzuia joto la jua lisiingie mchana pia, kwa hiyo si kibaya chenyewe. Ubaya ni kuziba pote. Watu wawili wakilala ndani hutoa joto na mvuke usiku kucha, na hapa kwetu mwezi wa Februari na Machi hata usiku wa manane hakuna baridi ya kulipoza bati. Kule kwao kazi ni kuhifadhi joto. Huku kazi ni kulifukuza. Basi likapakwa paa rangi nyeupe, maana nyeupe hurudisha jua. Likafungwa turubai juu ya paa, likaachiwa nafasi ya shubiri moja ili upepo upite kati. Yakawekwa matundu mawili yenye wavu wa mbu, moja chini karibu na mlango na moja juu ya paa. Hewa ya moto hupanda ikatoka juu, ya baridi ikaingia chini. Nimelala humo. Si kama hotelini, lakini ni afadhali kuliko chumba chetu chenye bati.

Uzito nao ni somo. Mjomba, kwa furaha ya kuwa na pesa, alikuwa amenunua mbao za mbambakofi. Mzee akaziinua upande mmoja, akaziweka chini. "Hiki si kitanda cha bibi harusi," akasema. "Hiki kitapita juu ya kila tuta kutoka hapa mpaka Likoni." Zikarudishwa dukani kwa hasara kidogo, wakatumia vyuma vyembamba vya mraba ambavyo mjomba mwenyewe alivichomelea, na mbao za plai juu yake. Madumu mawili ya maji ya lita ishirini, ambayo ni kilo arubaini, yaliwekwa upande wa kushoto, na betri upande wa kulia, vyote chini kabisa na karibu na katikati, kama vile shehena inavyopangwa ili chombo kisilale. Kabla ya hayo yote walikuwa wamekwangua kutu ya sakafu kwa brashi ya waya wakapaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Anayekaa karibu na bahari na asifanye hivyo anajidanganya. Chumvi haina haraka, lakini hailali.

Umeme ndio ulionifungua macho, kwa sababu hapo niliweza kusaidia kwa hesabu badala ya tochi. Paneli ni ya wati 100. Likipata saa tano za jua kali ni wati-saa 500 za karatasi, za kweli ni pungufu kwa sababu ya joto na vumbi. Feni ya wati 20 kwa saa nane ni 160. Taa mbili za wati 5 kwa saa nne ni 40. Simu nne tuseme 60. Jumla ni 260. Betri ni ya volti 12 na ampia-saa 100, ndiyo 1,200, ila betri za aina ile hazipendi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo tuna 600. Jua likikosekana siku nzima, usiku wa pili bado kuna feni. Mjomba alitaka na friji. Nikamwonyesha kwamba hata friji ndogo ya wati 45, ikiwaka nusu ya siku tu, inakula 540, zaidi ya mara mbili ya vitu vingine vyote vikijumlishwa. Akanitazama kwa muda. Ndipo baba akatoa lile kasha lake la barafu la kuwekea samaki, alilokuwa hajaligusa tangu mgongo umshinde. Likasuguliwa kwa ndimu na sabuni siku mbili. Ndilo friji.

Sasa nataka kusema jambo ambalo si mzaha, na kama utasahau makala yangu yote usisahau hili. Moto haukai ndani. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi ikatoka dirishani, bali hutuama sakafuni kama maji, ikingoja cheche. Kwa hiyo mtungi wetu una kijumba chake kilichozibwa upande wa ndani na chenye tundu chini linalotokea nje, na jiko lenyewe hutolewa likapikiwa chini ya turubai. Na makaa ni mabaya zaidi. Makaa yakiwaka mahali palipofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala haamki kuikimbia. Jiko la makaa lisiingie garini hata kama mvua inanyesha, hata kama ni la kuota tu, hata kama limebaki majivu. Wale mabaharia wa zamani walikuwa na sanduku lao la mchanga, lakini lilikuwa katika upepo.

Najua mnalotaka kuuliza, maana kila anayekuja uani huuliza hilohilo akiwa ameinamisha sauti. Choo hakimo. Mwenye gari huegesha mahali penye choo, kwenye uwanja wa kupigia kambi, kwa jamaa, kituo cha mafuta au nyumba ya mtu aliyekubali. Tuendelee.

Sheria pia ipo. Matatu haiwi nyumba kwa kung'oa viti tu. Ule mstari wa njano ulikuja na kanuni za marehemu waziri Michuki zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, na gari likiacha kubeba abiria mstari nao huondoka. Mabadiliko huombwa NTSA, gari hukaguliwa, kitabu cha gari hubadilishwa, na wenye bima huambiwa ukweli. Mjomba aliviacha viti vitatu vya mbele vyenye mikanda, basi. Gari likitembea hakuna anayelala nyuma, hata awe amechoka namna gani. Haya yalichukua muda na nauli nyingi kuliko kazi yote ya mbao, na sina la kuongeza.

Nimefika penye kiini. Gari hili ni la nani? Hapo ndipo mimi na mjomba tulipobishana, kwa adabu lakini tulibishana. Mpango wake ulikuwa kulikodisha kwa watalii wa Diani. Rafiki yake mmoja anayeendesha gari la watalii alimtia moyo sana. Yale magari yao, yenye paa linaloinuka ili mgeni asimame atazame palahala kule Shimba Hills, ambao Kenya nzima hawapatikani kwingine, mapaa yake yalikatwa na mafundi wa nchi hii. Kwa hiyo kuhusu ufundi rafiki yake alisema kweli, sisi tumekuwa tukigeuza magari zamani. Lakini kuhusu mteja nilikuwa na shaka. Wazee wetu wakumbuka Agosti 1997, ghasia zilipozuka Likoni na hoteli za kusini zikabaki na walinzi tu. Na hata sisi watoto twakumbuka 2020. Machi ndege za nje zilisimamishwa, Aprili kuingia na kutoka Kwale kukafungwa mpaka Juni, na Diani nzima ikawa kimya, hata tumbili wa barabarani walikosa wa kuwaibia. Mtu aliyekwisha kupoteza kazi moja kwa sababu mchanga ulikwisha, mbona aweke kila alichonacho kwenye kitu kingine kinachoweza kwisha asubuhi moja?

Mjomba akajibu, "Watu wetu hawatalipa kulala garini. Wana nyumba." Sikuwa na jibu. Jibu lilikuja lenyewe, na halikuja kwa njia ya furaha.

Likizo ya Agosti nyanya aliteleza kisimani akavunjika nyonga. Akalazwa hospitalini Msambweni siku tisa. Mliowahi kuuguza mnajua. Mgonjwa ana kitanda, anayemuuguza hana. Ama urudi nyumbani jioni na asubuhi utafute matatu tena, ama utandike kanga barazani na mbu wakuhesabu. Siku ya kwanza mama alilala barazani. Siku ya pili mjomba akaliwasha gari, ambalo wakati huo lilikuwa bado halijapata mteja hata mmoja, akaomba ruhusa kwa mwenye uwanja jirani, akaegesha chini ya mkwaju. Mama na mama mkubwa wakapokezana humo. Mmoja yuko wodini, mwingine amelala na feni inazunguka. Walipika uji wao wakampelekea nyanya ukiwa moto. Mimi nilikaa nao siku nne. Kumbukeni ile hesabu yangu ya siku nne kizingitini, betri ni muhula, godoro ni viatu. Sikuipiga tena.

Usiku wa tatu akaja mwanamke mmoja ametoka mbali upande wa Lunga Lunga, mwanawe mchanga amelazwa, simu yake imezimika na nyumbani hawajui habari. Aliomba kuchaji tu. Mama akamwambia apande alale. Alilala saa tano mfululizo, nadhani alikuwa hajalala siku mbili. Alipoamka aliuliza, "Mnatoza ngapi?" Mama akamkemea kwa upole. Lakini mjomba, aliyekuwa ameketi nje juu ya dumu, alilisikia swali lile.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na yeyote anayetaka kuupinga anikute kwenye mdahalo ujao. Gari la kulala lina faida kwetu kama tutaliunda kwa joto letu na kulikusudia watu wetu kwanza. Fikirini harusi zetu. Watu hutoka Tanga, Mombasa, Vanga, nyumba ya bwana harusi inajaa mpaka watoto wanalazwa chini ya meza, na wazee wanapewa kitanda ambacho mtu mwingine amenyang'anywa. Fikirini matanga. Fikirini Maulidi. Fikirini familia za Nairobi ambazo tangu reli mpya ianze 2017 hushuka Miritini kila Desemba zikitafuta mahali pa kulala pasipo na bei ya hoteli. Hao nao ni watu wetu. Mzungu akija, karibu sana, atalipata. Ila asiwe ndiye nguzo.

Mtasema anayeuguza mgonjwa hana pesa za kukodi. Kweli. Hapo mlishinda na bado mnashinda. Mjomba hakutoza mtu yeyote pale hospitalini, wala sioni namna ya kutoza bila kuona haya. Tangu Agosti gari limekodishwa mara tatu tu. Mara mbili ni familia kutoka Nairobi waliolala Tiwi na Shimoni, na mara moja harusi ya Gazi, ambako lililaza wazee wanne kwa zamu kwa siku tatu. Malipo hayo, pamoja na kazi ndogondogo za kuchomelea madirisha, yamelipa karo yangu ya muhula wa tatu. Hayajarudisha pesa za gari na yatachukua muda mrefu kuzirudisha. Kiwanja cha Ukunda kingekuwa kimepanda bei, mama mkubwa hutukumbusha kila Jumapili.

Nyanya sasa anatembea kwa mkongojo. Jioni hutolewa kiti chake akakaa chini ya mwembe, mgongo ameuegemeza kwenye gari, na ole wako ukimwambia kuwa ni gari. Huliita chombo.

Wiki jana mwenzake mjomba waliyekuwa wote mgodini amekuja na Nissan yake kuukuu, naye ataka igeuzwe, ya kulaza watu wa harusi na pia kuuzia madafu mchana. Wameshang'oa viti. Mzee wa Gazi amekwisha kuitwa, ameshika katoni na kisu, na giza linaingia. Nimeitwa mara mbili nikashike tochi. Hapa natua kalamu.